Ofisi za Huduma kwa Wanajeshi wa Zamani, Ohio

Ni ofisi za serikali za kaunti katika jimbo la Ohio, Marekani, zinazowasaidia waliotumikia jeshi pamoja na wenzi, wajane na watoto wao. Kila moja ya kaunti 88 ina ofisi yake. Chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1886, iliyounda tume za kuwahudumia askari waliofukarika baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe.

Ofisi husimamiwa na tume ya wanajeshi wa zamani watano. Fedha zake hutoka kwenye kodi ya kaunti, na mteja halipi chochote.

Kazi inayochukua muda mwingi ni madai. Serikali kuu hulipa fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi, lakini asiyeomba hapati, na kuomba kwenyewe ni rundo la karatasi. Mteja huja na DD 214, hati ya kuachishwa jeshi. Afisa hujaza fomu, huambatanisha taarifa za hospitali, kisha hufuatilia jibu. Mjane huleta vyeti vya ndoa na vya kifo. Cha pili ndicho kizito: jinsi daktari alivyoandika chanzo cha kifo huweza kuamua kama atalipwa. Sheria ya PACT ya 2022 iliongeza kwenye orodha ya fidia magonjwa yanayohusishwa na moshi wa mashimo ya kuchomea taka kambini, Iraki na Afghanistan.

Familia iliyokwama hupewa pia msaada wa dharura wa pango, umeme au chakula, na wagonjwa husafirishwa hadi hospitali za wanajeshi wa zamani.