Simbilisi: kutoka Andes hadi ng'ambo ya Bujumbura
Degu wa Chile, mwenye meno ya rangi ya chungwa na mkia wenye kishungi, si mnyama wa kawaida Bujumbura. Ndugu yake simbilisi ndiye aliyefika. Anafugwa Burundi, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kivu Kusini nchini Kongo, ameenea zaidi.

Alianza kufugwa kwa nyama katika milima ya Andes maelfu ya miaka iliyopita. Wahispania wakamfikisha Ulaya katika karne ya 16.

Hana mkia. Miguu ya mbele ina vidole vinne, ya nyuma vitatu, na meno yake hayaachi kukua. Mwanawe huzaliwa macho wazi na manyoya kamili, baada ya mimba ya takriban miezi miwili.

Udogo wake ulikuja kuwa na thamani kubwa. Vita vya Kongo vilipoanza mwaka 1996, ng'ombe na mbuzi wa Kivu waliporwa. Lakini mnyama wa takriban kilo moja hufichika jikoni. Kina mama na watoto ndio waliomtunza zaidi, kwa majani ya kando ya njia na maganda ya vyakula, wakapata kitoweo na fedha kidogo za matumizi.