Siku tatu Idjwi: namna ya kupanga safari ya kisiwani kutoka Burungu

Mtu wa Burungu akisikia neno kisiwa, mawazo yake yanaenda mbali, Zanzibar ao nchi za watu. Lakini kisiwa cha pili kwa ukubwa kati ya visiwa vyote vya maziwa ya Afrika, baada ya Ukerewe ya Tanzania, kiko hapa hapa kwetu, katikati ya ziwa Kivu. Ni Idjwi. Toka Burungu kupitia Sake na Goma mpaka kule, safari yote haifikie kilomita mia mbili. Pamoja na hayo, watu wa Masisi waliokanyaga Idjwi ni wachache, na wengi wao walienda ju ya msiba, ndoa ao biashara, mbio mbio, bila kupanga. Na safari ya mbio mbio ndiyo inayopandisha mtu kwenye boti ambayo hakupaswa kupanda.

Idjwi ni kisiwa kirefu, karibu kilomita 40 toka kaskazini mpaka kusini, chembamba, chenye milima iliyolimwa mpaka juu. Kiutawala ni teritwari ya Kivu Kusini, makao yake yako Bugarula, upande wa kaskazini. Kuna sheferi mbili: Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, kila moja na mwami wake. Wenyeji wengi ni Wahavu na lugha yao ni Kihavu, lakini Kiswahili kinasikika. Mpaka wa Rwanda uko majini, karibu sana upande wa mashariki. Huo mpaka una historia yake: mwaka wa 1910 wazungu walikubaliana kwamba kisiwa kibaki upande wa Kongo ya Wabelgiji, mwaka wa 1914 Wajerumani wakakikamata kwa vita, na mwaka wa 1916 Wabelgiji wakakirudisha.

Ni vizuri kujua unaenda upande gani kabla ya kutoka nyumbani. Mtu anasema tu «naenda Idjwi», anashukia kaskazini, kumbe ndugu zake wako Ntambuka. Hapo anaongeza nusu siku ya pikipiki kwenye njia ya udongo, na pesa ambayo hakuihesabu.

Anza na siku ya kurudi

Wasafiri wengi wanauliza boti ya kwenda. Swali la kwanza linapaswa kuwa boti ya kurudi: inatoka siku gani, saa ngapi, bandari gani? Usafiri wa kisiwani unafuata soko. Siku ya soko kuna boti, siku zingine unaweza kungoja. Mwenyeji wako wa kule ndiye anajua, apigiwe simu kabla. Mtu anayetaka kukaa siku tatu kisiwani ahesabu siku tano ao sita za safari nzima: moja ya kushuka mpaka Goma na kulala, moja ya kuvuka, na siku ya akiba upande wa kurudi ikiwa upepo umekataa.

Njia ya kushuka inajulikana: Burungu, Kilolirwe, Mushaki, Sake, kisha kilomita kama 27 za mwisho mpaka Goma. Kwenye mvua, kile kipande cha kabla ya Sake kinaweza kula siku nzima. Tangu vita vilipofika Kitchanga mwezi wa kwanza 2023, na Goma mwezi wa kwanza 2025, hali ya vizuizi na ya usalama inabadilika kwa wiki. Kwa hiyo habari ya mtu aliyepita mwezi jana haitoshi. Uliza aliyepita jana. Beba kadi ya uchaguzi yenyewe, si picha yake kwenye simu, ju unatoka provensi moja kuingia ingine.

Kuna pia wanaotokea Sake kwenda Minova na kuvukia pale. Kwa ramani ni karibu zaidi. Lakini upande huo kuna mitumbwi mingi ya mbao yenye injini ndogo, na hiyo inahitaji macho zaidi.

Gesi si adui wa kwanza

Watu wa milimani wana hofu moja wakifika ziwani: gesi. Wamesikia kwamba ziwa Kivu linaweza kulipuka. Hofu hiyo haikutoka hewani. Chini ya ziwa kuna gesi ya metani kama kilomita kyubiki 60, na gesi ya kaboni nyingi zaidi, kama 300. Mwezi wa tano 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, sehemu kubwa ya Goma ilihamishwa kwa sababu moto wa volkano ulikuwa umepenya chini ya mji na chini ya ziwa, na wataalamu waliogopa mambo hayo.

Lakini hiyo gesi imeyeyuka ndani ya maji ya chini kabisa, mita mamia, na uzito wa maji ya juu unaikandamiza. Ziwa linafika karibu mita 485 kwa kina. Boti kupita juu haiwezi kuisumbua. Kule Karongi, Rwanda, wanaivuta kwa bomba na kutengeneza umeme tangu mwaka wa 2016. Gesi ambayo msafiri anapaswa kuogopa ni mazuku, ile ya kaboni inayotoka ardhini kwenye mabonde ya mawe kati ya Sake na Goma. Haina harufu, inalala chini, inaua mbuzi na watu, zaidi usiku na asubuhi mapema. Usiende kujisaidia ao kulala ndani ya shimo pembeni ya barabara pale.

Mamba hakuna katika ziwa Kivu, kiboko pia. Kinachoua watu ziwani ni mzigo.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya bandari ya Kituku, Goma. Ilikuwa karibu kufika, watu wa nchi kavu wakiiangalia kwa macho. Video za siku ile zinaonyesha maji yametulia. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilibeba watu 278 na kwamba 78 wamekufa. Hesabu zilizotolewa nyuma zilitofautiana. Watu walikuwa wengi hivyo kwa sababu barabara ya Sake na Minova ilikuwa imefungwa na vita, wachuuzi na familia wote wakahamia majini. Kabla ya hapo, mwezi wa nne 2019, boti ingine ilizama kwenye ziwa hili na watu wengi sana wakapotea. Rais Tshisekedi akaagiza jile za kuokoa maisha ziwe lazima kwa kila abiria. Agizo lipo. Kulitekeleza bandarini ni jambo lingine, na mara nyingi linabaki mikononi mwa abiria mwenyewe.

Kwa hiyo fika mapema, simama pembeni dakika kumi, angalia boti inavyopakiwa. Magunia yanaenda chini ao yanapangwa juu ya sitaha? Yakiwa juu, boti inakuwa kama mtu aliyebeba mtoto kichwani: kidogo tu anayumba. Watu wakihamia upande mmoja, boti inalala na kuchelewa kusimama tena? Maji yamebaki mbali kiasi gani na ukingo? Majina yanaandikwa? Orodha inaonekana kama usumbufu, lakini boti ikizama, asiyeandikwa anakuwa hakusafiri, na familia yake haina pa kuuliza.

Jile ivaliwe na kufungwa mikanda kabla ya kutoka bandarini. Wengi wanaikalia kama mto. Mtoto apate ya mtoto, kwa sababu jile ya mkubwa inamtoka kichwani akiingia majini. Wenye njia wanunue yao Goma, ni mali ya miaka mingi.

Vuka asubuhi. Mchana upepo unaamka, na wakati wa mvua dhoruba zinakuja ghafula. Usiku ni wa wavuvi: mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa, na nyavu za sambaza. Yule samaki, kwa kusema tu, si mzaliwa wa hapa, aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Boti ya abiria inayotembea gizani kati ya nyavu hizo inatafuta matatizo.

Na mtu akiona boti imejaa kupita kiasi, ashuke. Wengine watacheka, mwenye boti atagoma kurudisha pesa. Ndiyo maana ile siku ya akiba na zile pesa za akiba zinapaswa kuwa kwenye hesabu tangu Burungu. Asiye nazo anabaki ndani ya boti huku anajua.

Pesa na mzigo

Mabenki ya Goma yalifungwa mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na watu walibaki kutegemea pesa ya simu na noti za mkononi. Kisiwani hesabu noti peke yake. Beba franka ndogo ndogo. Dola iwe safi, isiyopasuka, la sivyo itakataliwa. Upande wa mashariki wa kisiwa simu inaweza kushika mtandao wa Rwanda na kumaliza krediti, basi uichague mwenyewe laini ya Kongo.

Idjwi iko chini kuliko Burungu, kama mita 1.460, na malaria ni nyingi. Chandarua ni lazima, zaidi kwa watoto waliokulia baridi ya Masisi. Maji ya ziwa yanaonekana meupe lakini kolera imezoea pande hizi: yachemshwe. Hospitali kuu ya Monvu iko kusini, toka kaskazini ni mbali kwa mgonjwa wa pikipiki.

Zawadi? Fromaji ya Masisi inapokelewa vizuri sana, pamoja na maharagwe, kwa sababu kisiwa kimejaa mashamba na malisho ya ngombe ni kidogo. Chumvi yenye iodini pia si zawadi ya aibu. Tangu miaka ya 1960 waganga walichunguza ugonjwa wa kuvimba shingo Idjwi, zaidi kaskazini, na wakakuta iodini ni kidogo na muhogo usioandaliwa vizuri unazidisha.

Ukifika, mwenyeji akupeleke kwa shefu wa kijiji siku ile ile. Mgeni asiyejulikana, kwenye kisiwa kinachopakana na nchi ingine, anauliziwa maswali.

Kurudi, kila mtu anataka mananasi ya Idjwi, na kahawa. Kubaliana bei ya mzigo kabla haujaingia botini, na kumbuka kwamba gunia lako la mananasi nalo linahesabika kwenye uzito ule ule uliokuwa unauangalia asubuhi ya kwenda.