Ng'amba na Biashara ya Kale ya Pwani

Kabla karafuu hazijapandwa Unguja, na kabla Uislamu haujadhihiri duniani, miongoni mwa bidhaa zilizowavuta wageni kuja katika pwani yetu yalikuwamo magamba ya kasa aitwaye ng'amba. Kwani Myunani mmoja wa Misri asiyejulikana jina, aliyetunga katika karne ya 1 kitabu cha safari kiitwacho Periplus, asimulia kwamba magamba ya bandari ya Rhapta katika pwani hii yalishindwa kwa thamani na yale ya Bara Hindi tu, na kwamba watu wa kisiwa cha Menouthias waliwanasa kasa kwa matenga yaliyofungwa katika milango ya maji baina ya mawimbi. Atuarifu pia kuwa kisiwani humo walikuwamo mamba wasiomdhuru mtu, nao wako wataalamu wanaodhani kwamba hao hawakuwa mamba, bali kenge.

Kosa hilo, kama ni kosa, lasameheka, maana wanyama watambaao hufanana kwa mengi. Wataalamu wa elimu ya viumbe huwagawa makundi manne: kobe na kasa, wenye gamba lililoungana na mbavu, mamba na jamaa zake, mijusi na nyoka, ambao kenge ni wao, na tuatara, aliyesalia peke yake katika New Zealand. Wote ngozi zao zina magamba, wote huvuta pumzi kwa mapafu, na wengi wao hutaga mayai nchi kavu.

Tabia hizo ndizo zilizomponza ng'amba. Kwani ijapokuwa maskani yake ni bahari, pumzi humlazimisha kuibuka juu penye macho ya mvuvi, na uzazi humlazimisha jike kupanda pwani usiku, mzito wa mwendo, asiweze kujitetea. Tena wavuvi wetu walikuwa na hila iliyomstaajabisha Holmwood, balozi wa Kiingereza wa Unguja, akaiandika mwaka 1884: walimfuga samaki mwenye kifyonzeo kichwani, wakamfunga kamba mkiani, wakamwachia majini hata agande juu ya kasa, kisha wakavuta kamba taratibu.

Kasa wa kawaida alitakiwa kwa nyama. Ng'amba alitakiwa kwa vile vipande 13 vikubwa vya mgongoni, ambavyo vikitiwa katika maji ya moto hulainika, fundi akavikunja apendavyo, akafanya vitana na visanduku. Katika enzi ya Sayyid Said na wanawe magamba hayo yalipakiwa Unguja pamoja na pembe na sandarusi, yakasafirishwa Bara Hindi na Ulaya.

Mwaka 1977 ng'amba wa bahari zote waliwekwa katika daraja ya juu ya ulinzi ya CITES, mkataba wa mataifa juu ya biashara ya viumbe walio hatarini, na biashara ya magamba yao baina ya mataifa yaliyoukubali ikaharamishwa, isipokuwa kwa waliojitoa katika sharti hilo. Walakini sheria ya bandarini haimfai jike asiyepata mchanga wa kutagia. Basi wenye kujenga kando ya bahari na wauache ufuo wazi.