Kupanda Mlima Kinabalu

Katika kisiwa cha Borneo, kaskazini ya ikweta, umesimama mlima Kinabalu, ambao kimo chake ni mita 4,095. Jua, msomaji, kwamba mlima huo una aina za mimea zipatazo 5,000 au zaidi, maana apandaye hutoka katika msitu wa joto, akaingia msitu wa ukungu wenye kuvumwani na okidi, kisha vichaka vifupi, hata akafika penye mwamba mtupu.

Mwaka 1851 Hugh Low, Mwingereza aliyeitumikia serikali yake katika kisiwa cha Labuan, aliazimu kuupanda. Njia hakuijua, aliongozwa na Wadusun wa kijiji cha Kiau, watu walioustahi mlima huo kuwa makao ya roho za wafu wao. Alifika mwambani juu, lakini kilele kipitacho vyote hakukikanyaga. Mwaka 1858 alirudi pamoja na Spenser St. John, na mwaka huo ukapatikana Nepenthes rajah, mmea wenye mtego mfano wa mtungi, uwezao kuchukua zaidi ya lita 2 za maji, ambao wadudu huzama humo wakawa chakula chake.

Mtu wa kwanza aliyeandikwa kuwa alikanyaga kilele chenyewe ni John Whitehead, mwaka 1888. Hata hivyo kilele hicho chaitwa kwa jina la Low hata leo, na wengi wa wale waliobeba mizigo na kuonyesha njia hawakuandikwa hata majina. Basi usomapo kwamba fulani alikuwa wa kwanza kuupanda mlima, uliza: ni nani aliyemtangulia njiani?