Mnyanya pori wa Peru na vita dhidi ya minyoo fundo

Ng'oa mnyanya uliodumaa, unaonyauka mchana ilhali udongo una maji. Mara nyingi utakuta mizizi imejaa vifundo kama ushanga. Hiyo ni kazi ya minyoo fundo, wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoingia mizizini na kuunyonya mmea.

Kinga dhidi yao ilitoka kwa Solanum peruvianum, mnyanya pori wa Peru ambao matunda yake hubaki ya kijani hata yakiiva. Shida ni kwamba ukiuchavusha na nyanya ya shambani, mbegu hufa zikiwa changa. Mwaka 1944, Paul Smith wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alieleza alivyokitoa kiinitete mapema na kukilea katika chupa yenye virutubisho. Kazi hiyo ndiyo chimbuko la nyanya za kibiashara zenye jeni ya ukinzani iitwayo Mi.

Lakini mche upi umeirithi? Watafiti walilazimika kupanda miche kwenye udongo wenye minyoo, kusubiri wiki kadhaa, kisha kuing'oa na kukagua mizizi. Mwaka 1974, mtafiti wa nyanya Charles Rick na mwenzake Fobes waligundua kuwa aina fulani ya kimeng'enya hurithiwa pamoja na Mi. Jeni ya kimeng'enya hicho na Mi zimekaa jirani kwenye kromosomu ya 6, na jeni zilizo jirani hutengana kwa nadra. Tangu hapo kupima kimeng'enya hicho katika kipande cha jani kulitosha kuuchagua mche.

Ramani nzima ya jeni za nyanya ilichorwa kwa kanuni hiyohiyo ya ujirani. Mwaka 1992, Steven Tanksley wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walichapisha ramani yenye alama za kijenetiki zaidi ya 1,000. Mwaka 1998 watafiti waliipata Mi yenyewe, na ikabainika kwamba hukinga pia dhidi ya baadhi ya vidukari.

Hata hivyo, Mi hulegea udongo ukizidi nyuzijoto 28, jambo zito kwa mkulima wa nchi za joto. Jibu limeanza kuonekana porini kulekule: Mi-9, jeni inayostahimili joto, imepatikana katika mnyanya pori mwingine wa Peru.

Ndiyo maana mbegu za minyanya pori, kama zile zilizokusanywa na Rick na kuhifadhiwa Davis, zinastahili fedha na ulinzi wa kudumu. Ramani humwonyesha mtafiti kinga iliko, lakini haiwezi kuirudisha ikiwa mmea wenyewe umetoweka.