Je, Tabia Haina Dawa? Treni na Gari katika Historia ya Jakobsberg

Wahenga walisema tabia haina dawa. Usemi huu husikika sana mjadala wa usafiri unapoanza: mwenye gari, tunaambiwa, hawezi kurudi kwenye basi, na aliyezoea ndege hatapanda treni. Historia ya Jakobsberg, kitongoji kilicho kaskazini-magharibi mwa Stockholm, inatupa sababu ya kulitilia shaka jambo hilo.

Hapa reli ilitangulia mji. Njia ya Stockholm hadi Västerås ilifunguliwa mwaka 1876, wakati Jakobsberg ilikuwa bado mashamba. Nyumba nyingi za ghorofa zilijengwa baadaye sana, hasa kati ya miaka ya 1950 na 1970. Kipindi hichohicho gari lilikuwa alama ya maendeleo nchini Uswidi. Mwaka 1967, nchi ilipohamia kuendesha upande wa kulia, Stockholm iliondoa karibu tramu zote za katikati ya jiji. Barabara ilionekana kuwa kesho, reli, jana.

Maamuzi mawili yalibadili hesabu. Mwaka 1968 shirika la usafiri la Stockholm, SL, lilianzisha treni za wasafiri wa kila siku, zikipitia Jakobsberg hadi Kungsängen. Mwaka 1971 ikaja kadi ya mwezi ya kronor 50, iliyotumika mkoa mzima. Aliyeishi mbali hakulipa zaidi ya aliyeishi karibu, na safari ya ziada haikumgharimu kitu. Hakuna aliyehubiriwa, treni ilikuwepo, na bei yake ilieleweka.

Mfano wa pili ni kodi ya msongamano wa magari. Ilijaribiwa kuanzia Januari hadi Julai 2006, na magari yanayovuka mpaka wa jiji yakapungua kwa takriban asilimia 20. Kabla ya jaribio wengi waliipinga. Septemba mwaka huohuo wapiga kura wa jiji la Stockholm waliikubali, na tangu Agosti 2007 ni ya kudumu. Maoni yalifuata uzoefu, hayakuutangulia.

Kuhusu ndege, Waswidi waliunda neno *flygskam*, yaani aibu ya kupanda ndege. Mwaka 2019 abiria wa viwanja vya Swedavia walipungua kwa asilimia 4. Lakini aibu peke yake ni msingi dhaifu: kodi ya safari za ndege iliyoanza 2018 ilifutwa Julai 2025. Reli ya chini ya jiji, Citybanan, iliyofunguliwa Julai 2017, haitegemei hisia za mtu. Inabeba abiria wa Jakobsberg kila asubuhi, mwenye aibu na asiye nayo.

Funzo hili linatuhusu sisi tunaosoma habari za Afrika Mashariki. Dar es Salaam ilipata mabasi ya mwendokasi mwaka 2016, na treni ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Wengi bado huona gari binafsi kuwa ushahidi wa kufanikiwa kimaisha. Waswidi wa 1967 nao waliona hivyo. Kabla ya kumlaumu abiria kwa tabia yake, tuulize kwanza: basi linakuja saa ngapi, lina nafasi, na nauli yake ni kiasi gani?