Hame la Engaruka: Mawe, Maji na Swali la Waliohama

Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili, gofu na hame, ambayo maandishi ya historia ya Afrika Mashariki huyachanganya mara nyingi. Gofu ni jengo lililobomoka. Hame ni mahali palipokaliwa, kisha pakahamwa. Neno la kwanza humwelekeza msomaji kwenye ukuta. La pili humwelekeza kwa watu na kumlazimisha aulize walikwenda wapi. Engaruka, iliyoko katika Wilaya ya Monduli, Mkoa wa Arusha, imeitwa magofu katika karibu kila andiko, kuanzia ripoti za wasafiri wa Kijerumani hadi vibao vya barabarani. Sehemu hii inadai kwamba uteuzi huo wa neno haukuwa jambo dogo. Uliifanya historia ya Engaruka kuwa historia ya mawe yaliyokosa wenyewe, na swali la nani aliyejenga likamezwa na mvuto wa fumbo, ilhali ushahidi mwingi uliopo unahusu jambo jingine kabisa: jinsi maji kidogo yalivyogawanywa miongoni mwa watu wengi.

Mahali

Kutoka Jiji la Arusha, njia hupitia Makuyuni hadi Mto wa Mbu, kisha huacha lami na kuelekea kaskazini chini ya ukuta wa magharibi wa Bonde la Ufa, kwa takriban kilomita 60. Msafiri aliyezoea miteremko ya kusini ya Mlima Meru, penye migomba, kahawa na mifereji inayotiririka kando ya nyua, hukuta hapa nchi ya namna nyingine. Uwanda ni mkavu, vumbi ni la majivu ya volkano, na mbele yake husimama Kerimasi na Ol Doinyo Lengai. Mvua ya mwaka kwa kawaida haizidi milimita 400 au karibu na hapo, kiasi kisichotosha kuivisha mtama kwa uhakika. Maji yanatoka juu. Nyanda za juu za Ngorongoro hupokea mvua na ukungu wa kutosha kulisha misitu, na kutoka huko vijito huporomoka kupitia makorongo ya ukuta wa Bonde. Mto Engaruka ndio mkubwa kati ya hivyo, nao haukauki.

Hame lenyewe liko pale ambapo makorongo hayo yanafungukia uwandani. Kwenye mteremko wa chini wa ukuta kuna mabaki ya vijiji saba. Kila kijiji ni mfululizo wa sakafu zilizochongwa mlimani na kusawazishwa, kila sakafu ikizuiliwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kuunganishia. Juu ya sakafu hizo zilisimama nyumba za miti na nyasi, ambazo zimeoza zamani. Kwa hiyo mgeni anayetarajia kuona kuta za nyumba, kama zile za Kilwa Kisiwani au Gedi, hutazama na asione kitu kwa dakika kadhaa, hadi macho yazoee. Mawe ya kijivu yamefunikwa na vichaka vya miiba, na mbuzi hupita juu yake. Chini ya vijiji, uwandani, yanaanza mashamba: takriban hekta 2,000 za viwanja vidogo vilivyogawanywa kwa mistari ya mawe, pamoja na mifereji, mazizi ya mawe na marundo ya mawe yaliyookotwa shambani.

Wapo wanaokiita kijiji cha zama za kati. Istilahi hiyo ilitungwa kwa ajili ya historia ya Ulaya, na kuihamishia chini ya Bonde la Ufa hakuongezi maarifa yoyote. Ni afadhali kulinganisha na pwani. Kwa ushahidi uliopo, makazi haya yalianza kukua katika karne ya 15, wakati fahari ya Kilwa ilikuwa imeanza kupungua. Wareno walipoivamia Kilwa mwaka 1505, wakulima wa Engaruka walikuwa tayari wakimwagilia. Hata hivyo, shanga chache za kioo zilizochimbuliwa zinaonyesha kwamba uhusiano wa jamii hii na biashara ya Bahari ya Hindi ulikuwa hafifu sana. Huu ulikuwa mji wa wakulima, na uliendelea kwa karne tatu hivi bila kuhitaji pembe za ndovu wala watumwa wa kuuza.

Watafiti na hesabu zao

Gustav Fischer, daktari na msafiri wa Kijerumani, alipita Engaruka mwaka 1883 akiwa njiani kutoka Pangani kuelekea Naivasha, akayafananisha mawe aliyoyaona na kuta zilizoporomoka za ngome za kale. Njia aliyoifuata haikuwa ngeni kwa wafanyabiashara wa misafara ya pwani, ambao walikuwa wakiitumia kabla yake. Ufananisho wake, hata hivyo, ndio uliobaki vitabuni. Ngome inadai mtawala, adui na anguko, na tangu hapo simulizi la Engaruka lilitafutiwa vitu hivyo vitatu.

Louis Leakey alifanya uchunguzi mwaka 1935 na kuchapisha matokeo yake katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka uliofuata. Alihesabu sakafu za nyumba, akakadiria kuwa zilikuwa zaidi ya 6,000, kisha akafikia idadi ya watu kati ya 30,000 na 40,000. Idadi hiyo iliwavutia wengi, na bado hurudiwa katika vijitabu vya utalii. Kasoro yake ni rahisi kuieleza: ilichukulia kwamba sakafu zote zilikaliwa kwa wakati mmoja. Mtu anayehesabu nyumba za kijiji cha leo pamoja na viwanja vyote vilivyohamwa na mababu atapata mji mkubwa ambao haukuwahi kuwapo. Watafiti wa baadaye wameishusha hesabu hiyo hadi watu elfu chache. Hata elfu chache ni wengi mno kwa uwanda huo, na hapo ndipo swali la kihistoria linapoanza kuwa na uzito.

Hamo Sassoon, aliyekuwa Mhifadhi wa Mambo ya Kale, alichimbua katika miaka ya 1964 na 1966 na kupeleka mkaa maabara ili umri wake upimwe kwa kaboni ya mionzi. Vipimo vya kwanza havikukubaliana vyote, lakini kazi iliyofuata, hasa ya John Sutton, iliimarisha kipindi cha karne ya 15 hadi ya 18. Mchango mkubwa zaidi wa Sutton ulikuwa kuhamisha macho ya watafiti kutoka vijijini hadi mashambani. Alionyesha kuwa mazizi ya mawe yaliyomo katikati ya viwanja yanaashiria ng'ombe waliofungiwa na kulishwa humo, nao samadi yao ikarutubisha udongo. Mtama ulioungua na kugeuka mkaa umetoa ushahidi wa zao kuu. Mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja, inaonekana jamii iliyobanwa ndani ya eneo dogo lenye maji, ambayo iliongeza kazi badala ya kuongeza ardhi.

Uchimbuaji wa Daryl Stump, uliochapishwa mwaka 2006, umeongeza jambo ambalo linabadilisha maana ya neno shamba katika muktadha huu. Katika sehemu ya viwanja, udongo wenyewe uliletwa kwa makusudi. Wakulima walijenga vizuizi vya mawe, wakaelekeza maji yenye mashapo yapite humo, mashapo yakatua. Kizuizi kilipojaa, kiliinuliwa tena. Mahali pengine mashapo hayo yana kina cha zaidi ya nusu mita. Kiwanja cha namna hiyo hakijengwi kwa msimu mmoja wala na kizazi kimoja. Aidha, hakihitaji mfalme wa kuamuru: kinahitaji jirani aliye juu ya mfereji akubali kuyaachia maji yamfikie aliye chini, mwaka baada ya mwaka.

Nani walikuwa wenyeji

Leakey alielekea kuwaona Wairaqw kuwa wazao wa wajenzi. Wengine wametaja Wasonjo, wanaojiita Batemi, ambao wanaishi magharibi mwa Ziwa Natron. Hoja ya Wairaqw imeegemea kumbukumbu za lugha na makazi ya Wakushi wa Kusini katika nyanda hizi. Ile ya Wasonjo imeegemea ufanano wa maisha: vijiji vilivyobanana kwenye miteremko, mashamba chini yake na mifereji inayotoka katika chemchemi. Ufanano si nasaba, na watu wawili wasio na undugu wanaweza kufikia mfereji uleule kwa sababu mlima ni uleule. Wachaga wa Kilimanjaro na Wamarakwet wa Kenya nao ni mabingwa wa mifereji, na hakuna anayesema kuwa ni ukoo mmoja.

Hata hivyo, mfano wa Wasonjo una thamani nyingine. Robert Gray, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1963, alieleza baraza la wazee wanaoitwa wenamiji, ambao mamlaka yao yalitokana na haki ya kugawa zamu za maji. Msikilizaji wa Kiswahili haoni shida kusikia wenye miji ndani ya jina hilo. Mwenye mji ni mwenye zamu. Utafiti wa Engaruka ungefaidika zaidi kwa kuuliza zamu ziligawanywaje kuliko kwa kuendelea kushindanisha makabila ya leo kwa ajili ya mawe ya karne ya 15, kwani yapo makabila ambayo majina na mipaka yake ni ya baadaye kuliko mawe hayo.

Kuhama

Maelezo ya kale zaidi kuhusu mwisho wa Engaruka ni kwamba Wamaasai waliwasili, wakawafukuza wakulima. Maelezo hayo yana faida ya ufupi. Tatizo lake ni kwamba historia ya eneo lenyewe la Meru inayapinga. Katika miaka ya 1830 Waarusha, wasemaji wa Kimaasai, walianza kulima na kukaa kwenye miteremko ya kusini-magharibi ya Mlima Meru, wakiishi jirani na Wameru waliowatangulia mlimani. Thomas Spear ameieleza historia hiyo kwa kina katika kitabu chake cha 1997. Kuzungumza Kimaasai hakukumzuia mtu kushika jembe. Mkulima na mfugaji walibadilishana nafaka, maziwa, ngozi na wake, na mtu aliweza kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine maishani mwake. Bila shaka wafugaji wenye silaha na mifugo mingi walibana njia za malisho na kuongeza hatari ya kukaa uwandani. Lakini kubanwa si sawa na kufutwa.

Upande wa maji una ushahidi mzito zaidi. Mashapo ya Ziwa Naivasha yanaonyesha kipindi kirefu cha ukame kati ya takriban mwaka 1760 na 1840, na kipindi hicho kinalingana na miaka ambayo Engaruka ilikuwa ikihamwa. Vijito vidogo vilivyolisha mashamba ya pembeni vilipopungua, kaya zilizovitegemea zilikuwa za kwanza kukosa zamu. Kwa mfumo wa maji, hasara ya kaya chache ina uzito usiolingana na idadi yao. Mfereji husafishwa kwa mikono ya wote, na mikono ikipungua kazi inawaelemea waliobaki hata kama mto bado unatiririka. Uhamaji wa namna hii ni wa polepole. Kijana huoa kwingine asirudi. Ukoo hufuata ng'ombe wake kwa shemeji. Bibi mmoja hubaki na kiwanja kilicho karibu na korongo. Hauachi majivu ya vita kwa mwanaakiolojia, na pengine ndiyo sababu ulichukua muda mrefu kutambuliwa.

Sheria ya mawe na haja ya maji

Hame hili halikubaki tupu. Engaruka Juu na Engaruka Chini ni vijiji vya leo, wakazi wake wengi ni wasemaji wa Kimaasai, na wengi wao hulima mahindi, maharage na migomba kwa maji ya Mto Engaruka uleule. Katika sehemu ya kaskazini, mashamba mapya yamekatwa ndani ya yale ya kale. Mkulima anayetoa mawe ili apate nafasi ya kulima anaharibu mstari wa kiwanja wa miaka 400, na wakati huohuo anafanya kazi ileile iliyofanywa na aliyeuweka mstari huo: anapanga mawe ili maji yapite.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kumbukumbu zilizojengwa kabla ya mwaka 1863, na Engaruka inaingia humo bila ubishi. Kilicholindwa ni jiwe. Mfereji kama ujuzi, zamu kama makubaliano, na mtiririko wa mto kutoka nyanda za juu, vyote viko chini ya mamlaka nyingine, kila moja na mipaka na ramani zake. Mradi wa magadi soda katika Bonde la Engaruka, unaosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Taifa, umeongeza mdai mwingine katika uwanda huohuo. Tathmini ya kitamaduni itakayohesabu sakafu za nyumba pekee, kama Leakey alivyofanya mwaka 1935, itahitimisha kwamba magofu yako mbali na shughuli za mradi, na kwa kipimo hicho itakuwa sahihi. Tathmini itakayoanzia kwenye mifereji italazimika kupima mto kuanzia korongoni hadi unapoishia uwandani, pamoja na mashamba yanayotegemea maji yake sasa, na kuwaketisha wazee wa Engaruka Juu na Engaruka Chini kwenye meza moja na maofisa wa Mambo ya Kale kabla mpaka wowote haujachorwa.